Mti Usiochanjwa Kuni: Habari za Ihithe, Nyeri

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri ana mwendo wa kilomita kama 150, na kama ni mtu mwenye kuangalia, miti itamwarifu amefika wapi kabla hajasoma kibao chochote cha barabarani. Akipita Thika huona mashamba ya mananasi, ambayo si miti, lakini yamekwisha kuchukua mahali pa miti. Akipanda kuelekea Karatina huanza kuona mikima imesimama mistari mistari mipakani mwa mashamba ya kahawa. Juu zaidi, hewa ikipoa, hukutana na miwati, mikaratusi na misonobari. Ajabu ni kwamba yote hiyo ni migeni. Mkima, muwati na mkaratusi zilitoka Australia. Na msonobari uliopandwa kwa wingi katika misitu ya serikali asili yake ni Mexico. Imekaa sana katika nchi hata watoto hudhani ilikuwako tangu siku za Gikuyu na Mumbi.

Miti ya asili haikwisha, ila yataka kutafutwa. Mihuti yenye maua mekundu ingaliko kando ya nyua, na mtu akiwauliza wazee kwa heshima ataonyeshwa muiri, muringa, mutamaiyo na mutarakwa. Hata majina ya mahali hutunza kumbukumbu ya miti: Mukurweini, katika nchi hiyo hiyo ya Nyeri, maana yake ni penye mikurwe. Lakini katika miti yote uko mmoja ambao Mkikuyu wa zamani hakuutaja ovyo, nao ni mugumo.

Mugumo ni ndugu yake mkuyu. Mara nyingi hauanzi maisha yake ardhini kama miti mingine. Ndege hula tunda lake, huruka, hutua katika panda ya mti mwingine, na mbegu iachwayo pale huota huko huko juu. Mizizi hushuka pole pole kando ya shina la mwenyeji wake mpaka iguse udongo. Ikiisha kugusa hunenepa na kushikana, na baada ya miaka mingi mti wa kwanza hufa ndani, mugumo ukabaki umesimama peke yake, mkubwa kama nyumba. Chini yake wazee walichinja kondoo na kuomba mvua, nyuso zao zimeelekea Kirinyaga.

Kuna migumo iliyopata sifa duniani. Husimuliwa kwamba mtabiri Mugo wa Kibiro alisema utawala wa wageni utakwisha siku mugumo wa Thika utakapoanguka, nao ukaanguka mwaka 1963, mwaka wa Uhuru. Tena katika msitu wa Aberdare, karibu na Nyeri, hoteli ya Treetops ilijengwa mara ya kwanza mwaka 1932 juu ya matawi ya mugumo. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952, Elizabeth binti Mfalme wa Uingereza alikuwa humo akitazama wanyama wakija kunywa maji, na usiku ule ule baba yake akafariki kwao Uingereza. Alipanda mtini akiwa na baba, akateremka asubuhi akiwa yatima na Malkia, naye mwenyewe hajui. Hoteli ile ilichomwa moto mwaka 1954 wakati wa vita vya msituni.

Mugumo wa habari hizi haukuwa na hoteli wala utabiri. Ulikuwa mti wa kijijini tu, na waliouheshimu ni wanawake waendao kuchota maji na watoto watumwao kuni.

Kijiji chenyewe ni Ihithe, katika Tetu, upande wa magharibi wa mji wa Nyeri. Nchi ya huko ni migongo na mabonde: mtu hushuka mgongo mmoja, huvuka kijito, hupanda mgongo mwingine, na kabla hajatulia pumzi anashuka tena. Udongo ni mwekundu na mzito, hushika viatu wakati wa masika. Nyuma ya kijiji unaanza msitu wa milima ya Aberdare, ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua. Na ng'ambo, siku isiyo na mawingu, husimama Mlima Kenya wenye meta 5,199, na theluji yake kichwani. Mgeni hushangaa jinsi watu wanavyoweza kulima mteremko mkali namna ile. Wenyeji wamekwisha kuzoea.

Hapo ndipo alipozaliwa Wangari, binti Muta, tarehe 1 Aprili 1940. Baba yake ni Muta Njugi, na mama yake ni Wanjiru Kibicho. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita, na wa kwanza wa kike, kwa hiyo kwa desturi alipewa jina la mama wa baba yake. Katika desturi za wakati ule, mtoto mchanga kabla ya kuonja maziwa ya mama alitiwa kinywani maji ya vitu vilivyotoka shambani: ndizi, viazi vitamu, na miwa ile ya rangi ya zambarau. Yaani kabla ya kumjua mama yake aliyemzaa alijulishwa kwanza ardhi iliyomlisha mama huyo. Mtu aweza kuliona jambo hili kuwa mila tu ya kale. Lakini mtoto huyu alipokuwa mtu mzima alilieleza mwenyewe katika kitabu, na msomaji huona kwamba halikumwondoka moyoni.

Jina lake latokana na ngari, yaani chui. Mama yake alimfundisha kwamba akipita njia ya msituni na kuona mkia wa chui umetanda mbele yake, asiukanyage wala asikimbie. Aendelee na safari yake, huku akimwambia mnyama yule kwamba wao wawili wote ni chui, basi wagombane kwa nini? Hakuna shairi katika maneno hayo, wala vina wala mizani. Hata hivyo mtoto aliyefunzwa hivyo hawezi tena kuutazama msitu kama gala la mbao.

Basi, karibu na nyumbani kwao palikuwa na mugumo. Wangari alipotumwa kuni, mama yake alimwonya jambo moja: asiokote hata kijiti kikavu chini ya mti ule. Alipouliza sababu, akajibiwa kwamba huo ni mti wa Mungu. Hautumiwi, haukatwi, wala hauchomwi. Kila aliyewahi kutumwa kuni na mama yake aelewe uzito wa katazo hili. Chini ya mti mkubwa namna ile vijiti havikosi kuanguka, vimekauka vizuri, na mtoto akipita hapo mikono mitupu anajua kwamba msitu uko mbali na jua linashuka. Kuviacha si jambo dogo. Aliviacha, akaenda mbele.

Karibu na mti huo ndipo chemchemi ilipotoka ardhini ikawa kijito, jina lake Kanungu. Maji yake yalikuwa safi hata watu wakiyanywa pale pale kwa viganja. Kando yake nduma zilipandwa kwa wingi, na majani yake mapana yaliinamia maji kama miavuli. Wangari alikuwa akiletwa na kazi ya kuchota maji ya mama yake, lakini mtoto ni mtoto, kazi ya nusu saa huweza kumaliza asubuhi nzima. Chini ya majani ya nduma aliona mayai ya vyura yameungana katika nyuzi, akadhani ni shanga. Alitaka kuzivaa shingoni. Alipitisha vidole chini yake pole pole ili azinyanyue, zikakatika. Akajaribu tena, zikakatika. Hakuweza hata siku moja kuitoa majini shanga moja nzima. Baada ya siku kadha alirudi akakuta shanga haziko, na mahali pake maji yamejaa viluwiluwi maelfu, weusi, wakitaharaki juu ya udongo wa chini. Nao wakatoweka, na vyura wakaonekana majanini. Wala hakuna aliyemweleza kwamba hayo matatu yalikuwa jambo moja.

Mama yake alimpa pia kishamba chake mwenyewe, kidogo sana, katikati ya shamba lake kubwa. Mvua ziliponyesha alimhimiza asikae bure bali apande kitu. Akapanda viazi vitamu, maharagwe, mahindi na mtama. Kwa pupa ya kitoto akawa akizifukua mbegu kila mara kuangalia kama zimeota. Mama akamzuia kwa upole, akamwambia azifukie, aziache zifanye kazi yake zenyewe. Wakulima wasomao habari hizi watacheka, maana ni nani kati yao ambaye hakufanya hivyo alipokuwa mdogo?

Halafu likaja lile linalowajia watoto wengi wenye akili: kuondoka. Mwaka 1951 Wangari alipelekwa shule ya misheni ya Mathari, karibu na mji wa Nyeri, akalala huko. Mwezi wa Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na katika miaka iliyofuata watu wa migongo ile waliondolewa katika nyumba zao wakakusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ulinzi, mama yake akiwa mmoja wao. Binti alisoma, mama akavumilia. Kutoka Mathari alikwenda Loreto, Limuru, akamaliza mwaka 1959. Na mwaka 1960 akapanda ndege kwenda Marekani pamoja na vijana wengi wa Kenya wa wakati ule. Alisoma elimu ya viumbe huko Atchison katika jimbo la Kansas, kisha Pittsburgh, akarudi mwaka 1966. Mwaka 1971 Nairobi ikampa shahada ya udaktari wa falsafa, na yasemwa alikuwa mwanamke wa kwanza katika Afrika ya Mashariki na ya Kati kuipata. Kazi yake ilikuwa anatomia ya wanyama: vipande vyembamba vya nyama juu ya kioo, na jicho katika hadubini. Ni kazi ya vipimo, si ya nyimbo.

Alipokwenda kwao kutembea aliambiwa kwamba ile ardhi yenye mugumo imepata mwenyewe mpya. Mtu huyo aliuona mti kama kizuizi, umekula nafasi kubwa isiyomletea faida, akaukata ili apande chai.

Hapa yafaa kusema neno la haki. Wakati huo chai ilikuwa ikiwafungulia wakulima wadogo mlango ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa masetla peke yao. Halmashauri ya kuendeleza chai ya wakulima wadogo, iliyojulikana kwa herufi za KTDA, iliundwa mwaka 1964, na katika nchi za juu za Nyeri, Murang'a na Kiambu chai imesomesha watoto na kuezeka mabati nyumba nyingi. Aliyekata mugumo hakuwa mwovu. Alikuwa mtu mwenye hesabu, ila katika hesabu yake mti ulihesabiwa kwa nafasi uliyoikalia tu. Mtu wa namna hiyo yupo katika kila kijiji, na pengine katika kila nyumba.

Wangari alikwenda akatazama pale. Mti haukuwako, na kijito kilikuwa kimekauka. Hapakuwa na nduma, wala vyura, wala shanga.

Elimu yake ndiyo iliyomfumbua macho, wala si kwa kuipinga hekima ya mama yake. Alitambua kwamba mizizi ya mugumo hushuka mbali, hupenya hata penye mwamba, na maji yaliyo chini hupata njia ya kupanda mpaka yakatoka kama chemchemi. Mizizi hiyo hiyo hushika udongo wa mteremko usiporomoke wakati wa mvua kubwa. Waliosema mti wa Mungu haukatwi hawakuwa wameandika jambo lolote kuhusu maji ya ardhini. Lakini kwa katazo lao maji yalilindwa, na vizazi vingi vikanywa. Mama alimkabidhi mwanawe kanuni bila maelezo. Maelezo binti aliyapata mwenyewe baadaye, naye akayapata wakati kanuni imekwisha kuvunjwa.

Yaliyofuata yanajulikana na wengi, kwa hiyo si lazima kuyasimulia kwa urefu. Katika mikutano ya Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya aliwasikia wanawake wa mashambani wakilalamika kwamba kuni zimekuwa mbali, maji mbali, na chakula chenye nguvu hakitoshi. Tarehe 5 Juni 1977 miti saba ilipandwa Kamukunji, Nairobi, nao ndio mwanzo wa kazi iliyokuja kuitwa Ukanda wa Kijani. Wanawake walikusanya mbegu za miti ya kwao, wakaziotesha katika mikebe na vyungu vilivyovunjika, wakalipwa kidogo kwa kila mche ulioshika. Mabwana misitu wenye vyeti walikuwa na shaka kama watu wasio na diploma wataweza. Yeye akawaita wanawake hao wataalamu wa misitu wasio na diploma, na jina likashika. Aligombana na wakubwa juu ya bustani ya Uhuru mwaka 1989 na juu ya msitu wa Karura miaka kumi baadaye, akapigwa, akafungwa. Hadi mwaka 2004 miti iliyopandwa ilikuwa imezidi milioni 30.

Lakini habari hizi ni za maneno pia, si za miche tu, na hapo yapo mambo ambayo watunga mashairi wetu wangefanya vizuri kuyaangalia.

Mama yake, Wanjiru, alifariki mwaka 2000, akiwa mzee sana. Mtoto afiwaye na mama baada ya miaka mingi hivyo huambiwa na watu kwamba ashukuru, mama ameishi. Ni kweli; hata hivyo anayeambiwa hivyo huwa hapunguziwi kitu. Kwa Wangari kulikuwa na pengo la pili. Mtu aliyepoteza mama aweza kwenda kukaa mahali mama alipokuwa akikaa, akashika kitu alichokishika. Yeye, mahali mama yake alipomtuma kuni na maji palikuwa pameondolewa zamani. Mti haukuwako wa kuegemea. Kijito hakikuwako cha kunawa uso. Vilibaki katika kumbukumbu tu. Na kumbukumbu, tangu aondoke mama, ilikuwa imepungukiwa na shahidi mmoja mkubwa.

Tarehe 8 Oktoba, mwaka wa nne baada ya msiba huo, yaani 2004, alikuwa njiani kutoka Nairobi kwenda Tetu, kwa watu waliomchagua kuwa mbunge wao mwaka 2002, simu ikapigwa kutoka Norway. Amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Gari likasimama Nyeri, katika Hoteli ya Outspan, ambayo bustani yake hutazama Mlima Kenya. Watu wengine wangeagiza kinywaji. Yeye aliomba mche. Ukapatikana mche wa ule mti wa maua mekundu kama makaa ya moto ambao Wazungu waliupa jina la Nandi. Akapiga magoti, akatia mikono katika udongo uliopata joto la jua, akaupanda, akaumwagia maji. Mlima ulikuwa mbele yake, ule ule ambao wazee waliuelekea walipoomba chini ya migumo.

Tarehe 10 Desemba mwaka ule alisimama Oslo mbele ya Mfalme wa Norway na wageni wa dunia. Katika hotuba yake alisema mambo ya serikali, ya demokrasia, ya vita na mali ya nchi, kama ilivyopasa. Mtu akiisoma leo huona sehemu hiyo kuwa nzuri na ya maana, lakini ni maneno ambayo mwingine pia angaliweza kuyasema. Mwisho aliacha hayo yote, akarudi Ihithe. Akawaambia habari za mtoto mdogo aliyekwenda kijitoni kumchotea mama yake maji, majani ya nduma, nyuzi za mayai ya vyura alizozidhania shanga, vidole vilivyoshindwa kuzinyanyua, na viluwiluwi katika maji safi. Kisha akawaambia kwamba kijito kimekauka, wanawake wanakwenda mbali kutafuta maji, na watoto hawatajua kamwe walichonyang'anywa.

Hakumsifu mama yake kwa neno hata moja. Hakusema alikuwa mwema, wala hakutaja kifo chake. Alimtaja mara moja tu, kama mtu aliyengoja maji nyumbani. Na bado, asomaye kwa makini humwona Wanjiru amesimama katika kila neno: ndiye aliyetuma, ndiye aliyekataza, ndiye aliyesema mbegu zisifukuliwe. Wengi waandikao mashairi ya kuomboleza mama huanza na machozi, wakaendelea na sifa, beti kumi na tano, na mwisho msomaji hajui mama huyo alikuwa na shamba wapi, wala alipenda kupanda nini. Sifa za mama mmoja zafanana na za mama mwingine. Lakini kijito hakifanani na kijito, na shanga zile zilizokatika vidoleni hazikuwa za mtoto mwingine yeyote.

Jambo lingine latambulikana hapo. Kama mugumo ungalikuwa bado umesimama, huenda asingaliyasema. Alikuwa na mti, akautii bila kuutungia neno. Alikuwa na mama, akamchotea maji bila kumfikiri. Maneno yalikuja baadaye, kushika nafasi iliyoachwa wazi, kama mizizi ya mugumo ishukavyo kuzunguka mti uliokufa mpaka umbo lake likabaki. Haya ni mafumbo ya mti wenyewe, na mtunga mashairi yeyote wa nchi za juu anayeutazama mugumo kwa saa moja hawezi kuyakosa.

Msafiri aendaye Ihithe asitarajie kuonyeshwa kibao cha kumbukumbu mahali pa mti ule, maana miti ya namna hiyo haiwekewi vibao. Ataona chai, kijani kibichi, imekatwa sawa kama meza, nayo ni nzuri kwa macho. Ataona wanawake na vikapu mgongoni wakichuma. Jioni, ukungu ukishuka kutoka Nyandarua, ataona moshi ukipanda kutoka jikoni, na watoto wakirudi na mizigo ya kuni. Nyingi za kuni hizo ni za muwati na mkima, miti ambayo haikukatazwa na mtu.

Wangari Maathai alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011. Alikuwa ameagiza kwamba asizikwe katika jeneza la mbao, maana hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Jamaa zake walitii. Jeneza lake lilitengenezwa kwa magugu maji, mafunjo na mianzi. Maiti ikachomwa Kariokor tarehe 8 Oktoba, miaka saba kamili tangu siku ile ya Outspan, na majivu yakawekwa Kabete, katika chuo chenye jina lake.